Hesabu ya Chembe za Kinga: Inatabiri Nini Juu ya Safari ya UKIMWI

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule siku ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, iliniachia nichague jambo lolote lenye faida kwa wanafunzi. Nafahamu kuwa wengi mlitazamia nizungumzie utumishi serikalini, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Lakini nimeamua kuzungumzia namba moja tu. Namba hiyo ni hesabu ya chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika kukadiria mtu mwenye virusi vya UKIMWI yuko umbali gani kutoka kwenye ugonjwa wenyewe.

Mimi si daktari. Nilisomea takwimu, na kila siku namba hupita mezani kwangu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuichagua namba hii: niliwahi kuisoma vibaya, na kosa langu lilimhusu mtu aliyelala katika mabweni haya. Kisa hicho nitakieleza. Ila kwanza hatuna budi kuelewana namba yenyewe ni nini.

Wa rika langu wanalikumbuka tangi la saruji lililokuwa nyuma ya jiko. Wakati wa kiangazi kiranja wa maji alipanda juu yake kila asubuhi, akatumbukiza ufito, akatazama maji yamefika wapi, kisha akatangaza mstarini kama tutaoga au hatutaoga. Naomba mlishike tangi hilo kichwani, maana nitalirudia.

Mwili wa binadamu una askari wa aina nyingi. Chembe za CD4 hazipigani zenyewe kwa wingi. Kazi yake kubwa ni kuwaamsha askari wengine na kuwaelekeza adui alipo. Mtu mzima mwenye afya aghalabu huwa na chembe hizi kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Virusi vya UKIMWI huzishambulia chembe hizi hizi. Mwaka 1984 wataalamu wa London na wa Paris walionyesha kuwa ile CD4, ambayo ni alama iliyoko juu ya ngozi ya chembe, ndiyo mlango ambao virusi huutumia kuingia ndani. Adui amechagua kumpiga mpiga baragumu, na jeshi lililobaki halisikii wito.

Upungufu huo ulionekana hata kabla virusi havijajulikana. Mwezi Juni 1981 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walitoa taarifa ya vijana watano waliopatwa na nimonia ya aina ambayo kwa kawaida haimpati mtu mwenye kinga timamu. Damu yao ilipopimwa, chembe hizo zilikutwa zimepungua mno. Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Ufaransa. Na mwaka huo huo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera.

Chembe huhesabiwaje? Damu huchanganywa na kinga maalumu zilizotengenezwa maabara, zenye rangi inayong'aa, ambazo hunasa kwenye CD4 peke yake. Kisha damu hupitishwa katika mrija mwembamba, chembe moja moja, mbele ya mwali wa leza, na mashine huhesabu zile zinazong'aa. Ufundi wa kutengeneza kinga za namna hiyo ulibuniwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1975, miaka michache tu kabla ya ugonjwa huu kutokea. Bila ya ufundi huo tungekuwa tunatumbukiza ufito gizani.

Sasa tuje kwenye utabiri. Kuanzia mwaka 1984, karibu wanaume 5,000 wa miji minne ya Marekani walikubali kufuatiliwa kwa miaka mingi: kupimwa, kuhojiwa na kuhifadhiwa damu. Wakati ule hapakuwa na dawa ya maana, kwa hiyo watafiti waliweza kuona ugonjwa unavyokwenda ukiachwa peke yake. Waliona kuwa chembe za CD4 hupungua polepole, kwa wengi kati ya 50 na 100 kila mwaka, na kwamba kadiri hesabu inavyoshuka ndivyo maradhi yanavyokaribia. Huku kwetu, watafiti waliowafuatilia wanavijiji wa Masaka, Uganda, katika miaka ya 1990, walikuta kuwa nusu ya walioambukizwa walichukua zaidi ya miaka 9 kabla ya kufikia UKIMWI. Hivyo yale maneno kwamba Mwafrika huenda upesi kuliko wengine hayakuthibitika.

Maradhi nayo yana daraja zake. Kifua kikuu hakingoji. Kinaweza kumpata mtu akiwa na hesabu yoyote, ingawa hatari huzidi hesabu inaposhuka. Chini ya 200 huja ile nimonia niliyoitaja. Chini ya 100 huja homa ya uti wa mgongo inayoletwa na ukungu uitwao kriptokokasi. Chini ya 50 huja hata virusi vinavyokula jicho na kumpofusha mtu. Ndiyo maana mwaka 1993 Wamarekani waliamua kwamba mwenye virusi na hesabu iliyo chini ya 200 ahesabiwe kuwa ana UKIMWI, hata kama anatembea na kucheka.

Lakini vijana, hebu turudi kwenye tangi. Kiranja akisema maji yamefika nusu, je, umejua yatakwisha lini? Hujajua, mpaka uambiwe tundu la tangi ni kubwa kiasi gani. Tangi lililojaa lenye ufa mkubwa litakauka kabla ya tangi la nusu lenye ufa mdogo. Tundu hilo ni wingi wa virusi katika damu. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya wanaume 1,604 wa kundi lile la Marekani, damu yao ya zamani ikiwa imepimwa upya. Miongoni mwa waliokuwa na virusi vingi kupita wote, asilimia 80 walipata UKIMWI ndani ya miaka 6. Miongoni mwa waliokuwa navyo vichache kabisa, ni asilimia 5 tu na kidogo. Vipimo viwili vikisomwa pamoja vilitabiri vizuri zaidi kuliko kimoja: kimoja husema maji yaliyobaki, kingine husema yanavuja kwa kasi gani.

Tena ufito wenyewe hutikisika. Hesabu ya CD4 ya mtu yule yule hubadilika kati ya adhuhuri na jioni. Hushuka kwa muda mtu akiwa na homa nyingine. Kwa mama mjamzito huonekana ndogo kwa sababu damu yake imeongezeka maji. Watoto wadogo huwa nazo nyingi kuliko watu wazima, hata ikawa kwa walio chini ya miaka 5 madaktari hutazama asilimia badala ya idadi. Kwa hiyo aliyepimwa akapata 420, na baadaye akapata 380, hana sababu ya kukosa usingizi. Na aliyetoka 380 akapata 420 hana sababu ya kuchinja mbuzi. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naja kwenye kisa.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004. Zilikuwa chache, na wagonjwa walikuwa wengi. Ilibidi pawe na mpaka, na mpaka uliofuatwa kwa mtu asiye na dalili kubwa ulikuwa 200, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri wakati ule. Aliye chini ya 200 alianza dawa. Aliye juu aliambiwa asubiri, arudi kupimwa baada ya miezi 6. Sisi watu wa ofisini tunaijua hali hiyo. Kitu kikiwa haba, hutafutwa namba ya kusimama mlangoni.

Mwaka 2008 mwenzetu mmoja, ambaye sitasema jina lake wala mwaka aliomaliza, alipima akakutwa na virusi. Mama yake ameniruhusu kueleza haya kwa sharti hilo. Alinipigia simu akiwa ametoka kliniki, sauti yake imechangamka. Aliniambia, "Nimefaulu, kaka. Nina 287." Nami, mtu wa takwimu, nikamjibu kwamba 287 ni kubwa kuliko 200, basi asiwe na hofu. Tulizungumza kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kwenye ubao wa matangazo.

Muuguzi aliyemhudumia hakukosea. Alifuata mwongozo aliopewa. Lakini hakuna aliyemweleza mwenzetu, wala mimi sikumweleza, kwamba tangi lake lilikuwa linavuja usiku na mchana. Alihamishiwa kazi mkoa mwingine. Miezi 6 ikapita, ikapita mingine. Kila nilipomwuliza, alisema alishafaulu, atapima akipata likizo. Mwaka 2010 alianza kuumwa kichwa, akanunua vidonge dukani. Alipofikishwa hospitali shingo ilikuwa imekakamaa na macho yanaona viwili viwili. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo ya ule ukungu niliowatajia, na hesabu yake ilikuwa 31. Tulimzika baada ya wiki 2.

Nimefikiri sana juu ya lile neno "kufaulu". Shule hii ilitufundisha, na sishangai, kwamba namba kubwa ni sifa na namba ya mpakani ni pumzi. Ukipata alama ya kupita, umepita. Hakuna atakayekuja usiku kukuporomosha alama zako. Lakini CD4 haikuwa alama ya mtihani. Ilikuwa kina cha maji asubuhi ile tu. Namba iliyotengenezwa kumwonya mtu, sisi tuliigeuza ikawa cheti cha kumtuliza.

Dunia nzima ilichukua muda mrefu kulijifunza jambo hilo, na ilijifunza kwa uchunguzi mgumu. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya uchunguzi ulioitwa Concorde, uliofanywa Uingereza, Ireland na Ufaransa kwa watu 1,749 wasio na dalili. Nusu yao walipewa dawa ya AZT mapema, wengine wakasubiri. Waliopewa mapema hesabu zao za CD4 zilikuwa juu kidogo kwa muda wote. Lakini hawakuishi zaidi ya wenzao. Dawa moja peke yake haikutosha kuziba tundu. Mwaka 2009 yakaja matokeo ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya kuongeza CD4. Kweli iliziongeza, lakini waliodungwa waliugua na kufa sawasawa na wasiodungwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akiwauzia unga au majani stendi akasema "yanapandisha CD4", mwulizeni swali moja tu: je, yanapunguza virusi? Kumwaga ndoo ya maji ya matope ndani ya tangi si kuziba tundu.

Uchunguzi mwingine, ulioitwa SMART, ulihusu watu 5,472. Baadhi yao waliacha dawa kila hesabu ilipokuwa juu ya 350, wakazirudia iliposhuka chini ya 250. Nia ilikuwa njema, yaani kuupumzisha mwili na kupunguza madhara ya dawa. Mwezi Januari 2006 ilibidi usimamishwe, kwa kuwa walioacha waliugua magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili ya walioendelea. Tena wengi hawakufa kwa UKIMWI tunaoujua; walipatwa na maradhi ya moyo, ini na figo. Virusi vikiachwa huru huuchosha mwili wote, na ufito wa CD4 hauwezi kuonyesha hilo.

Mpaka ukaanza kupandishwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema watu waanze dawa wakifika 350. Mwaka 2013 likasema 500. Mwaka 2015 yakatolewa matokeo ya uchunguzi wa START, uliohusu watu 4,685 katika nchi 35, jirani zetu wa Uganda wakiwamo. Wote walianza wakiwa juu ya 500. Walioanza dawa mara moja walipungukiwa na magonjwa makubwa na vifo kwa asilimia 57 kuliko waliosubiri mpaka 350. Mwaka huo huo Shirika likaondoa mpaka kabisa: kila mwenye virusi aanze dawa, hesabu yake iwe yoyote. Nchi yetu ilianza kuufuata utaratibu huo mwaka 2016. Mwenzetu wa 287 angepima leo, angeondoka kliniki na dawa mkononi.

Mtauliza, basi namba hii imekufa? Hapana, na hapa naomba msikilize vizuri. Wengine hufika kliniki wakiwa wamechelewa. Wengine huanza dawa, huziacha, kisha hurudi wakiwa wamedhoofika. Mtu wa namna hiyo kumpa dawa za kufubaza virusi tu hakutoshi, kwa sababu adui mwingine huenda ameshaingia. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima mwenye hesabu chini ya 200 ahesabiwe kuwa katika hatua kubwa ya ugonjwa, apimwe kifua kikuu, na apimwe damu kama ina dalili za ule ukungu kabla haujafika kichwani. Kulitengenezwa hata kipimo cha kijikaratasi, kisichohitaji mashine, cha kuonyesha kama mtu yuko juu au chini ya 200. Namba ile ile iliyokuwa inafunga mlango sasa inasaidia kumtambua anayehitaji msaada zaidi.

Mfano wa karibu ni uchunguzi wa DART, uliofanywa Entebbe, Kampala na Harare kwa watu 3,316, wote wakitumia dawa. Nusu walifuatiliwa kwa vipimo vya maabara pamoja na CD4. Nusu walifuatiliwa kwa macho na masikio ya waganga, na majibu ya vipimo vya damu walipewa waganga pale tu mgonjwa alipoonekana kuyahitaji. Baada ya miaka 5, kundi la kwanza walikuwa hai asilimia 90, kundi la pili asilimia 87. Kipimo kilisaidia, lakini sehemu kubwa kabisa ya uhai huo ililetwa na dawa zenyewe na mtu wa kuzifuatilia.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanitazama. Naomba kumalizia kwa maombi matatu.

Kwanza, kwa ndugu zangu wa zamani. Tuko katika umri ambao mtu huogopa kupima kwa sababu ya cheo, ndoa au jina. Nawaomba mpime. Anayeanza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa anaweza kuishi karibu umri ule ule ambao angeishi bila virusi. Na virusi vikishafubazwa hata visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana.

Pili, kwa vijana. Katika kila shule kubwa wamo wanafunzi waliozaliwa na virusi hivi, nao humeza dawa kila siku. Ukimwona mwenzio bwenini akinywa kidonge usiku, usimwulize mbele ya watu, wala usimfanyie jina. Akikosa dozi kwa sababu ya aibu uliyompa wewe, ni wewe uliyetoboa tangi lake.

Tatu, kwa walimu na kwa wenzangu wa serikalini. Tunapompa mtu namba, tumweleze pia inakwenda wapi. Mwenzetu alipewa 287 bila maelezo, na mimi niliyedhani nina maelezo nilimpa ulinganifu tu na 200. Miaka imepita, na bado kila nikisaini jedwali lenye mpaka wa kupita na kutopita, nakumbuka sauti ile ya simu.

Tangi la nyuma ya jiko nimelipitia asubuhi ya leo. Halitumiki tena, mmechimbiwa kisima. Ila ufito bado upo, umeegemezwa ukutani.